Mnyororo wa Pete Tatu: Siri za Odd Fellows Zilikuwa Zinalinda Nini

Katika makaburi ya zamani ya Baltimore na miji mingi midogo ya Marekani kuna mawe yaliyochongwa pete tatu za mnyororo zilizoshikana, na ndani ya pete hizo herufi F, L na T. Alama hiyo hiyo utaikuta juu ya majengo ya matofali ya karne ya 19: duka chini, ukumbi ghorofani, na humo ndani michoro ya jicho, moyo juu ya kiganja, mzinga wa nyuki, fuvu na jeneza. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, picha za namna hiyo huleta neno moja tu: Freemason. Hawa ni wengine. Ni Odd Fellows, chama cha kindugu kilichoanzia Uingereza katika karne ya 18, na mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura atakielewa haraka zaidi akianzia kwenye kitu anachokijua vizuri: chama cha kufa na kuzikana.

Herufi zile zinasimama badala ya Friendship, Love na Truth, yaani Urafiki, Upendo na Ukweli. Amri inayorudiwa katika matawi ya upande wa Marekani ina mambo manne: kumtembelea mgonjwa, kumsaidia aliye katika dhiki, kuzika wafu na kusomesha yatima. Anayetaka kujua chama hiki kiliamini nini ashike hayo manne kwanza. Maneno ya siri, mshiko wa mkono, joho na vyeo vikubwa vilizunguka mfuko wa pesa uliogharamia hayo manne, na vingi vyake vina sababu ya kihasibu kabisa.

Fundi anapovunjika mguu

Mwaka 1810, lilipoanza shirikisho la Manchester Unity ambalo ndilo tawi kuu la Odd Fellows wa Uingereza, fundi wa kawaida alilipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi. Akivunjika mguu Jumanne, pesa inakatika Jumanne hiyo hiyo. Mkewe na watoto walibaki na msaada wa parokia, uliokuja na fedheha, na akifa alizikwa kimasikini, mara nyingi katika kaburi la pamoja lisilo na jina. Hofu ya mazishi hayo ilimfanya mtu mwenye mshahara mdogo akubali kutoa peni kadhaa kila wiki, mwaka baada ya mwaka.

Mafundi wa kazi moja walikuwa na umoja wao. Kuhusu jina Odd Fellows yapo maelezo zaidi ya moja, na linalotajwa sana ni kwamba hawa walikuwa watu wa kazi mchanganyiko, ambao mjini kwao hawakutosha idadi ya kuunda umoja wa ufundi wao. Wakaungana hivyo hivyo, mwashi na mshona viatu na mfua chuma. Kumbukumbu za mwaka 1748 za London zinataja tawi lililokuwa namba 9, na namba hiyo inaashiria kuwa mengine yalitangulia.

Mikutano ilifanyika katika vyumba vya juu vya baa. Mwenye baa alitoa chumba kwa bei ndogo au bure, kwa matumaini kwamba wanachama watakunywa, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa tundu la kwanza la mfuko: sehemu ya michango iliishia kwenye bia. Pesa zenyewe zilikaa katika sanduku la mbao. Litazame kwa karibu, maana lina akili nyingi. Lilikuwa zito, limefungwa kwa mikanda ya chuma, na mara nyingi lilikuwa na kufuli tatu zenye funguo tatu tofauti, kila ufunguo kwa kiongozi wake. Lisingefunguka mpaka wote watatu wasimame mbele yake kwa wakati mmoja, na mkutano mzima ukitazama. Kwa kikundi kisicho na akaunti ya benki, huo ulikuwa ukaguzi wa kila kikao.

Chama kilivuka bahari kwa mfua chuma mmoja, Thomas Wildey, mzaliwa wa London aliyehamia Baltimore mwaka 1817. Alitangaza gazetini akitafuta Odd Fellows wenzake, na tarehe 26 Aprili 1819 watu watano walikutana katika baa ya Seven Stars wakaunda tawi la kwanza la kile kilichokuja kuitwa Independent Order of Odd Fellows. Mwanzoni lilikuwa chini ya Manchester; mwanzoni mwa miaka ya 1840 pande hizo mbili ziliachana. Ndiyo maana taratibu za Uingereza na za Marekani hazilingani katika kila jambo.

Neno la siri ni risiti

Chukua mwanachama wa Manchester aliyekwenda Liverpool kutafuta kazi, akaugua huko. Tawi la Liverpool litajuaje kwamba ni mwenzao? Na hata akiwa mwenzao, litajuaje kwamba michango yake haijalala? Hakuna kitambulisho chenye picha, hakuna simu, na barua inachukua siku. Mtu yeyote mwenye ulimi mzuri angeweza kuzunguka mji baada ya mji akila pesa za wagonjwa, na matapeli wa namna hiyo walikuwepo kweli.

Dawa yake ilikuwa na tabaka tatu. La kwanza ni neno la siri. Lilibadilishwa kila kipindi, na mwenyekiti wa tawi, anayeitwa Noble Grand, alimnong'oneza yule tu ambaye kitabu cha mweka hazina kinaonyesha amelipa. Mlangoni walisimama walinzi wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na kila mmoja alikuwa na neno lake la kuuliza. Aliyebaki nyuma kwa michango hakuwa na neno jipya, kwa hiyo alikwama mlangoni bila mtu kutangaza deni lake ukumbini. Neno lilikuwa risiti inayobebwa kichwani.

La pili ni mshiko wa mkono na ishara, vilivyoonyesha mtu amefika daraja gani. La tatu ndilo lililokuwa gumu zaidi kulighushi: cheti cha safari, chenye sahihi ya mwanachama pembeni, aliyoiweka mbele ya viongozi wa tawi lake. Ugenini aliambiwa asaini tena kwenye karatasi nyingine, sahihi zikalinganishwa. Zikifanana, analipwa posho ya ugonjwa, kisha tawi lililolipa linaandikia tawi lake lirudishiwe pesa. Huo ni utaratibu wa kulipana kati ya matawi uliofanya kazi kabla ya telegrafu.

Hili ndilo jambo ambalo wasimulizi wa vyama vya siri hulisahau. Siri haikuwa ya mafundisho. Maadili yenyewe yalitangazwa hadharani na kuchongwa ukutani. Kilichofichwa ni ufunguo wa mfuko, kama unavyoficha namba ya siri ya M-Pesa.

Serikali ya Uingereza haikuliona hivyo. Sheria ya 1793 ililinda vyama vya kusaidiana vilivyosajiliwa, lakini sheria za 1797 na 1799, zilizotungwa kwa hofu ya mapinduzi ya Ufaransa, zilipiga marufuku viapo vya siri na vyama vyenye matawi yanayowasiliana. Mwaka 1834 vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle, Dorset, walihukumiwa kupelekwa Australia miaka saba kwa kosa la kiapo, katika umoja wao wa kupinga kushushwa mshahara. Mahakamani ilielezwa kwamba walifungwa macho, kisha wakaonyeshwa picha ya kiunzi cha mifupa. Walisamehewa mwaka 1836, lakini onyo lilifika kwa vyama vyote vyenye viapo. Kwa kuwa shirikisho lenye matawi halikuweza kusajiliwa mpaka sheria zilipolegezwa katikati ya karne, mweka hazina aliyetoroka na sanduku ilikuwa vigumu kumshitaki: mbele ya hakimu, chama hakikuwepo.

Mifupa, mishale na Msamaria

Kuhusu Mungu, msimamo ni mfupi. Upande wa Marekani ulimtaka mwombaji akiri kwamba yupo Mwenyezi, Muumba na mlinzi wa ulimwengu; hakuulizwa dhehebu. Biblia ilikaa wazi ukumbini, lakini mabishano ya dini na ya siasa yalikatazwa humo ndani. Katazo hilo nalo lina upande wa kihasibu: Mmethodisti na Mwanglikana wanaogombana leo hawatachangiana kesho.

Mafundisho yalitolewa kwa maigizo, na nadhani hapo ndipo penye thamani kubwa ya chama hiki. Mgeni aliingia amefungwa kitambaa machoni na mnyororo mwilini, akazungushwa ukumbini polepole, akasimamishwa. Kitambaa kilipofunguliwa, mbele yake palikuwa na jeneza na kiunzi cha mifupa, taa zikiwa zimefifishwa. Akaambiwa atazame: tajiri na masikini huishia hapo, na hutajua saa yako. Ujumbe uliofuata ulikuwa wa vitendo, kwamba kwa sababu hiyo hiyo anza leo kumtunza mwenzako. Mifupa ile mara nyingi ilikuwa ya kweli, ya aina inayotumika kufundishia udaktari, ikinunuliwa kwa oda kutoka kampuni zilizouza vifaa vya vyama. Ndiyo maana hadi miaka ya karibuni, jengo la zamani likikarabatiwa huko Marekani, fundi umeme huvunja ukuta akakutana na mtu mfu, polisi wakaitwa, na hatimaye ikagundulika ni mali ya tawi lililofungwa.

Baada ya kuingizwa kulikuwa na daraja tatu. Ya Urafiki iliigiza Daudi na Yonathani: Yonathani anarusha mishale, na maneno anayomwambia kijana wake kuhusu mishale hiyo ndiyo yanayomwambia Daudi, aliyejificha, kama akimbie au arudi. Ndiyo asili ya upinde na mishale katika alama zao. Ya Upendo iliigiza Msamaria Mwema, mgeni aliyemwokota aliyepigwa na wanyang'anyi huku watu wa kwao wakipita kando. Ya tatu ni Ukweli. Waswahili tuna msemo, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtu aliyewahi kuigiza majeruhi akibebwa na wenzake mbele ya ukumbi mzima hasahau maana yake.

Vyeo vya kifahari navyo visitushangaze. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vikundi vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti katika miji kama Dar es Salaam na Tanga vilikuwa na wafalme na maofisa wao, sare na vyeo, na humo humo wanachama walisaidiana kwenye ugonjwa na mazishi. Mchukuzi anayeitwa ofisa kila jioni anapata sababu ya kuhudhuria, na chama cha michango hufa pale watu wanapoacha kuhudhuria.

Kanisa Katoliki liliona hatari nyingine. Mwaka 1894 Roma iliwakataza waumini kujiunga na Odd Fellows pamoja na vyama vingine viwili vya Marekani. Pingamizi linaeleweka: chama chenye Biblia, sala, maadili na ibada yake ya mazishi, kisichojali dhehebu, kinaweza kumfanya mtu aone kwamba dini zote ni sawa. Odd Fellows wenyewe walikana kuwa dini. Kwa maoni yetu, mpaka kati ya mambo hayo mawili ulikuwa mwembamba zaidi ya walivyokiri, hasa makaburini, ambapo kila ndugu alipita na kudondosha juu ya jeneza kijitawi cha mti usiopukutisha majani.

Hesabu iliyoua matawi

Sasa tufike kwenye mfuko, maana matawi mengi yalivunjwa na hesabu kuliko yalivyovunjwa na sheria au ugomvi.

Tuseme tawi lina vijana 100, kila mmoja anatoa peni 5 kwa wiki, na mgonjwa analipwa shilingi 10 kwa wiki. Shilingi moja ya Uingereza wakati huo ilikuwa peni 12. Mapato ni peni 500, yaani shilingi 41 na peni 8. Tuseme katika umri huo kila mtu anaugua wastani wa wiki moja kwa mwaka. Wiki 100 za ugonjwa ukizigawa kwa 52, kila wiki kuna wagonjwa karibu wawili. Zinatoka shilingi 20. Zaidi ya shilingi 21 zinabaki kila wiki, na sanduku linajaa.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, tena na watu waaminifu. Waliona ziada wakaiita faida. Wakaongeza posho, wakanunua bendera za hariri, wakafanya karamu ya mwaka. Lakini ile haikuwa faida. Ilikuwa akiba ya uzee wao wenyewe, waliyokuwa wakiila mapema.

Sogeza mbele miaka 40. Wamebaki 60, wana miaka sitini na kitu, na tuseme sasa kila mmoja anaugua wiki 6 kwa mwaka. Wiki 360 kwa 52 ni wagonjwa 7 kila wiki, sawa na shilingi 70. Mapato ni peni 300, yaani shilingi 25. Pengo ni shilingi 45 kila wiki, bado gharama za mazishi. Kijana anayetaka kujiunga anatazama ukumbi umejaa wazee, anajua peni zake zitakwenda kwao, anavuka barabara kwenye tawi jipya lenye vijana wenzake. Tawi la zamani halipati damu mpya, na aliyelipa kwa miaka 40 anaambiwa sanduku ni tupu mwaka anapolihitaji.

Mwaka 1845 mtaalamu wa hesabu za vifo na ugonjwa, Francis Neison, alionya kwamba kwa viwango vyake Manchester Unity haitaweza kutimiza ahadi zake. Wengi walichukia. Katibu wao, Henry Ratcliffe, alifanya kazi ngumu zaidi ya kuchukia: alikusanya kumbukumbu za ugonjwa na vifo kutoka matawi yenyewe, na mwaka 1850 akachapisha majedwali yaliyoonyesha, umri kwa umri, mwanachama huugua kwa muda gani. Kutokana na hapo kiwango cha mchango kilianza kupangwa kwa umri wa kuingia. Anayeingia akiwa na miaka 20 alilipa kidogo, anayeingia na 40 alilipa zaidi kwa sababu ana miaka michache ya kuweka akiba kabla ya kuugua sana. Mfuko wa uendeshaji ulitenganishwa na mfuko wa wagonjwa, ili karamu isile dawa. Sheria ya 1875 ikavilazimisha vyama vilivyosajiliwa kufanyiwa tathmini kila baada ya miaka mitano: ahadi zote upande mmoja, mali na michango ijayo upande wa pili.

Chama cha kuzikana cha mtaani chenye kiwango kimoja kwa wote kina ugonjwa huu huu, ila unachelewa kuonekana wakati wanachama bado ni vijana. Dalili ya kwanza haionekani kwenye salio la benki. Tafuta wastani wa umri wa wanachama uulinganishe na wa miaka mitano iliyopita. Ukipanda kwa miaka mitano kamili, maana yake hakuna kijana anayeingia.

Upande wa udanganyifu, kinga ilikuwa kamati ya kutembelea wagonjwa. Walikwenda nyumbani, wakapeleka posho mkononi, na kwa kufanya hivyo walimwona mgonjwa kwa macho. Aliyekutwa kibaruani au baani alikatwa posho na kupigwa faini. Aliyeugua kwa ulevi au ugomvi wake mwenyewe kwa kawaida hakulipwa, na mwanachama mpya alisubiri miezi kadhaa kabla ya kustahili. Matawi mengi yalikuwa na daktari wa mkataba. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani wengine walilipwa dola moja au mbili kwa kila mwanachama kwa mwaka, awe ameugua au hakuugua. Vyama vya madaktari vilipinga vikali bei hiyo.

Urafiki uliokuwa na mlango

Chama cha Urafiki, Upendo na Ukweli cha upande wa Marekani kiliwakubali wanaume weupe tu. Kifungu cha rangi kiliondolewa mwaka 1971. Waliofundishwa habari ya Msamaria kila mwaka walikaa na kifungu hicho zaidi ya karne moja, na hakuna maelezo ya kihasibu yanayokitosha.

Wamarekani weusi hawakusubiri. Peter Ogden, mtu mweusi aliyefanya kazi melini, alikuwa amejiunga na Odd Fellows wa shirikisho jingine huko Liverpool, liitwalo Grand United Order. Kwa cheti kutoka Uingereza, tawi la Philomathean namba 646 lilifunguliwa New York mwaka 1843, na kutoka hapo kikakua mojawapo ya vyama vikubwa vya kusaidiana vya watu weusi nchini humo. Kwa wanawake, daraja la Rebekah lilipitishwa mwaka 1851, likitungwa na Schuyler Colfax ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Marekani. Nyumba nyingi za wazee na yatima za chama zilisimama kwa kazi ya akina mama hao.

Kilichopunguza chama ni serikali kuichukua kazi yake. Sheria ya bima ya taifa ya Uingereza ya 1911 mwanzoni iliwatumia Odd Fellows na wenzao kama mawakala wa kulipa posho. Mwaka 1948, huduma ya afya na bima ya serikali vilipokamilika, uwakala huo uliisha. Marekani, mdororo wa miaka ya 1930 ulimaliza akiba za matawi mengi wakati ambapo wanachama hawakuwa na cha kuchangia, kisha ikaja hifadhi ya jamii ya 1935 na bima za waajiri. Mazoea ya kukutana yalidumu zaidi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, na Mswahili anayeishi Denmark, Sweden au Norway anaweza kuziona pete tatu kwenye mlango wa jengo linalotumika hadi leo.

Anayetaka kujiunga kwa kawaida hupendekezwa na mwanachama, hujaza fomu, kisha jina lake hupelekwa kwa kamati ya uchunguzi. Zamani kamati hiyo iliuliza afya yake, kazi yake na madeni yake, ikarudi kutoa taarifa ukumbini, ndipo kura ikapigwa kwa gololi nyeupe na nyeusi ndani ya kisanduku kilichofunikwa ili mkono usionekane. Hakuna hatua inayohusu utajiri; pesa inatoka kwa mwanachama kwenda kwa mgonjwa. Tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme likiahidi mamilioni baada ya kutuma kiingilio kwa simu, liwe na jina la Freemason au jingine lolote, halina kamati, halina ukumbi, na hakuna atakayekuja kukutazama ukiugua.